Simu ya Upepo Katika Maduka ya Mpakani

Wazee waliotutangulia waliiita redio "simu ya upepo", kwa sababu iliwaletea maneno kutoka mbali pasipo kupita katika waya. Jina hilo limekwisha kusahauliwa na wengi. Walakini, msomaji, ukipita leo katika barabara kuu ya Busia au ya Malaba, upande wa Kenya, utaona kwamba kitu chenyewe kimerudi kwa umbo jingine. Katika rafu za maduka ya kawaida, karibu na sufuria, mablanketi na sabuni, zimepangwa spika zisizo na waya: nyingine ndogo kama kikombe, nyingine kubwa kama debe. Bei zake hazilingani hata kidogo. Mbili zenye kimo kimoja na rangi moja zaweza kukaa bega kwa bega, moja ikiuzwa kwa ujira wa siku chache na ya pili ikitaka mshahara wa mwezi mzima.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii. Imekuwaje hata kitu cha fahari, ambacho zamani kilikaa sebuleni mwa tajiri tu, kikashuka kuja kukaa rafu moja na sabuni? Na mnunuzi, ambaye fedha yake ni jasho la msimu mzima, atajuaje kwamba anachopewa ndicho anacholipia?

Swali hili si geni. Watu wa mpakani wamekwisha kuulizwa nalo zaidi ya mara moja, na majibu yao yamo katika historia. Nami nataka kukuonyesha kwamba ala ya sauti haiwi bidhaa ya watu wote kwa kushuka bei peke yake. Huwa hivyo yanapotimia mambo matatu: mnunuzi aisikie kabla hajafungua mfuko wake, awe na njia ya kuilisha, na awe na mtu wa kuitibu siku itakapougua. Kusikia, kulisha na kutibu: haya ndiyo mafiga matatu, na chungu hakikai juu ya mawili.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Nchi hii ya Busia na Malaba ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka mwaka 1902, ambapo Waingereza waliukata mkoa ule na kuuunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa kalamu moja Wateso wa Malaba na Amukura wakatengwa na ndugu zao wa Tororo, na Wasamia wakajikuta wana jamaa ng'ambo mbili za mto Sio. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Kwa hiyo tangu mwanzo biashara ya hapa ilikuwa biashara ya jamaa moja iliyogawiwa serikali mbili. Reli nayo ilipita Malaba ikielekea Tororo, ikafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Kilichoshuka melini Mombasa kiliweza sasa kufika mpakani bila kupakiwa kichwani mwa mchukuzi.

Duka nalo lilikuwa limekwisha kutangulia. Wafanya biashara wa Kihindi, na mkubwa wao akiwa Allidina Visram aliyefariki mwaka 1916, walikuwa wametandaza maduka kutoka pwani mpaka Uganda. Katika maduka ya namna hiyo mtu alipata chumvi, mafuta ya taa, jembe na kaniki. Ala ya kwanza ya sauti iliyoingia katika maduka ya Afrika ya Mashariki haikuwa redio, bali gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri zake zikatafutwa sana. Tazama jambo hili kwa makini: gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikutaka umeme wala betri. Ililishwa kwa nguvu za mkono na sindano za chuma. Muuzaji aliweza kuweka santuri juu ya meza ya duka, na mteja akasikia pale pale. Mafiga mawili yalikuwapo tangu siku ya kwanza, na la tatu halikuwa zito, maana kuvunjika kwa springi kulionekana kwa macho.

Redio ilikuwa na tabia nyingine. Mwaka ule ule wa 1928 matangazo yalianza Nairobi, lakini yalikuwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Mtu wa Busia hata angekuwa na fedha za kununua mtambo, angesikiliza nini? Sauti isiyokwambia kitu ni kelele tu. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ilikuwa na haja ya kusema na jamaa za askari waliopelekwa mbali, na matangazo kwa lugha za Waafrika yakaanza. Magari ya habari yenye vipaza sauti yalizunguka vijijini, watu wakakusanyika kama wanaokwenda mnadani. Baada ya vita mambo yakazidi kwenda mbele. Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zilianza mwaka 1951. Huduma ya matangazo kwa Waafrika ikaundwa Kenya mwaka 1953, ikisema kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi. Na Uganda ikapata kituo chake mwaka 1954. Sasa palikuwa na maneno ya kusikilizwa. Kilichokosekana ni chombo cha kuyasikilizia.

Hapa hapana budi tueleze kwa nini chombo kilikuwa ghali. Redio za siku zile zilitumia taa ndogo za kioo ziitwazo valvu. Valvu haifanyi kazi mpaka ndani yake pawe na uzi uliopashwa moto, na moto huo hula umeme mchana na usiku. Mwenye nyumba yenye umeme hakuona taabu, lakini vijiji vya mpakani havikuwa na umeme. Ilimpasa mtu anunue betri kubwa, nzito kama tofali, ambayo ilikwisha kabla hajaizoea. Kwa hiyo redio ilikuwa mgeni wa fahari mwenye tumbo kubwa: kumkaribisha kulikuwa rahisi kuliko kumlisha.

Mtu mmoja katika nchi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliifikiri sana shida hii. Jina lake Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari. Aliwaomba watengenezaji wa Uingereza watengeneze redio ndogo, ngumu na rahisi kwa Waafrika wasio na umeme. Mwishowe kampuni ya betri ya Ever Ready ilikubali, na mwaka 1949 ikatoka redio ya mviringo iliyofanana na sufuria, nayo ikaitwa kwa jina la sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5, yaani shilingi 100, na betri yake paundi 1 na shilingi 5, yaani shilingi 25. Betri hiyo ilidumu kwa saa 300.

Chukua kalamu, msomaji, upige hesabu. Saa 300 kwa shilingi 25 ni saa 12 kwa shilingi moja. Aliyesikiliza saa 3 kila jioni alikaa na betri yake siku 100. Kwa mwaka mmoja alihitaji betri 3 na zaidi ya nusu ya nyingine, yaani karibu shilingi 91. Basi kuilisha redio mwaka mmoja kulikaribia bei ya kuinunua! Ona pia ni nani aliyekubali kuitengeneza: kampuni iliyouza betri. Yeye alijua kwamba faida ya redio haiishi siku ya kuiuza. Tangu zamani wauzaji wenye akili walifahamu kuwa chombo ni mlango tu, na chumba chenyewe ni chakula cha chombo.

Ukombozi ulitoka upande usiotazamiwa. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, wakifanya kazi katika kundi la William Shockley, walifanikiwa kuongeza nguvu ya umeme kwa kutumia kipande kidogo cha madini badala ya valvu. Kitu hicho kikaitwa transista, na mwaka 1956 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Transista haitaki uzi wa moto. Hula kidogo sana, haivunjiki kama kioo, na yaingia mahali ambapo valvu isingeingia. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954 kwa dola 49 na senti 95. Mwaka uliofuata kampuni ya Kijapani iliyokuja kuitwa Sony ikatoa ya kwake. Baada ya miaka michache redio zilizolishwa kwa mawe ya tochi zilikuwa zimeenea Afrika ya Mashariki.

Sasa rudi nami mpakani. Mawe ya tochi yalikuwa yakiuzwa dukani tangu zamani. Mwenye duka aliyeuza tochi na mawe yake hakuhitaji elimu mpya ili auze redio. Chakula cha mgeni kilikuwa kimekwisha kuwa ghalani. Hiyo ndiyo siri ya redio kuingia katika duka la kawaida. Haikungoja duka maalumu lenye vioo na muuzaji aliyevaa tai. Iliwekwa juu ya meza, ikafunguliwa, ikapewa sauti, na watu wakasimama barazani kusikiliza habari na muziki. Baraza la duka likawa darasa na uwanja wa hukumu. Kila apitaye alisikia kama sauti ni safi au ina mikwaruzo. Mwenye kununua alinunua kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa umekisikia.

Na Busia na Malaba zilikuwa na neema ya pekee. Mawimbi ya redio hayaulizwi pasi na askari wa forodha. Mtu aligeuza kisu cha redio kidogo akaipata Nairobi, akakigeuza tena akaipata Kampala, na usiku huenda akaipata Dar es Salaam. Mteso wa Malaba aliweza kusikia lugha yake ikitoka Uganda, maana redio ya Uganda ilitangaza kwa Kiteso. Fedha nazo zilikuwa moja: shilingi ya Afrika ya Mashariki ilitumika pande zote mbili mpaka mwaka 1966, ambapo kila nchi ilianza kutoa fedha zake. Kwa hiyo mteja aliyetoka ng'ambo alilinganisha bei bila kupiga hesabu ya kubadilisha fedha. Uhuru wa Uganda, tarehe 9 Oktoba 1962, na ule wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, ulisikiwa katika redio za namna hiyo.

Figa la pili likaimarika zaidi mwaka 1967, wakati kiwanda cha mawe ya Eveready kilipoanzishwa Nakuru. Wale waliokua katika miaka hiyo wanakumbuka mawe yaliyoanikwa juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo za kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Desturi hiyo yatufundisha kwamba hata baada ya transista, kulisha kulibaki gharama inayohesabiwa. Figa la tatu lilishikwa na fundi wa redio. Huyu aliketi pembeni mwa soko akiwa na chuma cha kulehemu kilichopashwa kwa makaa, na rundo la redio zilizokufa ambazo alizichinja ili kuziponya nyingine. Kwa kuwa sehemu za transista zilifanana redio kwa redio, fundi mmoja aliweza kutibu za makampuni mengi. Mnunuzi alipojua fundi yuko, hakuogopa kununua.

Hata hivyo, yaliyojengwa kwa imani hubomoka kwa hofu. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya leseni za biashara, ambayo iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi na kuuza bidhaa fulani. Maduka mengi ya miji midogo yakaingia mikononi mwa Waafrika, wengine wakisaidiwa kwa mikopo ya serikali. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, lakini lilikuja kwa amri ya sheria. Upande wa pili badiliko lilikuja kwa bunduki. Tarehe 25 Januari 1971 jeshi la Idi Amin lilitwaa serikali ya Uganda, na habari hiyo ilitangazwa katika redio. Mwezi wa Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka ya Tororo, Mbale na Jinja yakabadilisha wenyewe kwa muda wa wiki chache, na mengi yakabaki rafu tupu. Sabuni, chumvi, sukari na mawe ya tochi vikawa adimu nchini Uganda.

Ndipo magendo yaliposhamiri. Kahawa ya Uganda ilivuka kuja Kenya, hasa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei kupanda duniani. Na bidhaa za viwandani zikavuka kwenda Uganda. Kati ya lango moja na lango la pili, kipande cha zaidi ya nusu maili, vijana waliwapakia watu na mizigo juu ya baiskeli wakiita kwa Kiingereza cha mkato "boda, boda", yaani mpaka kwa mpaka. Neno hilo, ambalo leo laitwa kila pikipiki ya abiria kutoka Mombasa mpaka Kampala, lilizaliwa katika vumbi la Busia.

Lakini fikiri, msomaji, jinsi redio inavyouzwa kwa magendo. Hufungwa ndani ya gunia, hupita usiku, na hununuliwa gizani. Nani ataifungua aisikie, wakati askari yuko karibu? Mnunuzi hulipa kwa kutazama sanduku, wala hawezi kurudi kesho kudai haki yake, maana naye ametenda kosa. Bidhaa ya magendo yaweza kuwa ile ile iliyotoka katika kiwanda kile kile, lakini imevuliwa mafiga mawili kati ya matatu. Hapo utaona kwamba ubora wa ala haukai ndani ya sanduku peke yake. Sehemu yake hukaa katika mwanga wa duka, katika risiti, na katika uso wa muuzaji ambaye mteja atamkuta kesho pale pale.

Amin aliangushwa mwezi wa Aprili 1979, lakini imani ya mpakani haikurudi kwa siku moja. Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977. Mwezi wa Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yalipigana risasi pale pale Busia, na biashara ikasimama. Katika miaka hiyo iliingia redio yenye mkanda wa kaseti, na mtu akaweza kuchagua muziki badala ya kungoja apewe. Kisha katika miaka ya 1990 vizuizi vya kuagiza bidhaa vikaondolewa, Kenya ikifuta leseni nyingi za uagizaji mwaka 1993. Vituo vya watu binafsi vikaanza Uganda mwaka 1993, na Kenya mwaka 1996. Jumuiya mpya ikaundwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambacho msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili.

Mlango ukiwa wazi, bidhaa zikaja kwa wingi kuliko wakati wowote wa nyuma, nyingi zikitoka Uchina, nyingine kwa njia ya Dubai. Hapo ndipo ilipofika spika isiyo na waya. Asili yake ni kazi iliyoanza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Uswidi, ya kuunganisha vyombo vilivyo karibu kwa mawimbi ya redio badala ya waya. Mwaka 1998 makampuni kadhaa yalishirikiana kuisimamia, yakaipa jina la Bluetooth, lakabu ya mfalme wa zamani wa Denmark aliyeunganisha watu wake. Spika hupokea muziki kutoka katika simu ya mkononi. Kwa hiyo haihitaji kanda wala santuri. Na kwa kuwa simu zimejaa kila nyumba, spika imepata chakula cha masikio kabla haijafika, kama vile redio ya transista ilivyoyakuta mawe ya tochi yakiingoja.

Tena njia ya kulipa imelainika. Tangu M-PESA ianze mwaka 2007, fedha huenda bila kubebwa. Na mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuwakopesha watu vijijini mitambo ya umeme wa jua, ambayo ililipiwa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Mwenye duka wa leo aweza basi kuuza kitu cha bei kubwa kwa mtu wa kipato kidogo, jambo ambalo babu yake hakuliweza.

Je, mafiga matatu yamesimama? Tuyapime moja moja.

Kulisha si taabu kubwa tena, maana betri imo ndani ya spika na huchajiwa kwa waya ule ule wa simu. Lakini kutibu kumekuwa kugumu. Spika nyingi hufungwa kwa gundi, na betri yake hupungua nguvu baada ya miaka michache. Yule fundi aliyechinja redio moja kuponya nyingine hupata shida, kwani sehemu hazifanani tena. Kusikia nako kumeingia hatarini. Zamani redio ilisema yenyewe barazani. Leo spika imefungwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu, na sanduku ndilo linalosema kwa niaba yake. Jina lililoandikwa juu yake limechukua mahali pa sauti.

Na jina ni rahisi kuigwa kuliko sauti. JBL, Sony na majina mengine yenye sifa huandikwa juu ya vyombo ambavyo wenye majina hawakuvitengeneza. Kwa sababu hiyo Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao na habari zitakazomwezesha kuzitumia vyema. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyo Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Sheria hizi ni njema, lakini sheria haisimami nyuma ya meza ya kila duka. Anayesimama pale ni muuzaji, na mbele yake amesimama mnunuzi.

Huenda ukaniambia: "Bidhaa hizo rahisi, hata zikiwa za kuiga, zimewapa maskini muziki ambao wasingeupata. Kwa nini tuzilaumu?" Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Chombo rahisi si kosa. Redio ya sufuria ilikuwa rahisi, na haikumdanganya mtu. Ilisema wazi kuwa ni redio ndogo kwa mtu mwenye mfuko mdogo. Kosa ni chombo rahisi kuvaa jina la chombo ghali na kudai bei yake. Tena anayeumia zaidi si tajiri, kwani yeye aweza kununua mara ya pili. Anayeumia ni yule aliyeweka akiba miezi sita. Naye hupoteza fedha, na pamoja na fedha hupoteza imani kwa kila duka atakaloingia baadaye. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuiona spika.

Upande wa pili, muuzaji mwaminifu naye ana kazi. Akitaka kuuza kitu cha thamani katika duka la kawaida, asikifungie ndani ya kabati na kutaja bei tu. Akitoe, akipe sauti, akiweke karibu na kile cha bei ya chini, amwache mteja apambanue kwa masikio yake. Atoe risiti yenye jina la duka. Aseme wazi ni muda gani atawajibika, na chombo kikiharibika kitapelekwa kwa nani. Hayo si mambo mapya yaliyoletwa na mitambo mipya. Ni baraza lile lile la miaka ya 1960, likirudishwa mahali pake.

Nawe kijana unayesoma, siku moja utasimama mbele ya meza ya duka, huenda Malaba, huenda mji mwingine, ukiwa na fedha mkononi na kitu kizuri mbele ya macho yako. Kabla hujasukumwa na rangi na jina, uliza maswali matatu: Naweza kukisikia sasa hivi? Nitakilisha kwa nini, na kwa gharama gani? Kikiugua, nitamwendea nani? Akikujibu kwa kukionyesha chombo, mkaribie. Akikujibu kwa kukuonyesha sanduku, shika fedha yako.

Mpaka umepita kati ya jamaa, umefungwa na kufunguliwa, umepigwa risasi na umewekewa kituo cha pamoja. Katika mabadiliko hayo yote, duka lililodumu mpakani ni lile ambalo mteja aliweza kurudi. Simu ya upepo huleta sauti pasipo waya, lakini haijapatikana bado njia ya kuuza pasipo uaminifu.